Gari la Njia Fupi: Utangulizi kwa Anayeanza Kusoma Usafiri wa Shinyanga na Geita

Ukiingia stendi ya Shinyanga alfajiri ukauliza gari la Tinde linaondoka saa ngapi, utajibiwa: "Sasa hivi." Saa moja na nusu ukiuliza tena, gari likiwa palepale na injini ikinguruma, jibu litakuwa lilelile. Mgeni huhitimisha kwamba njia fupi hazina ratiba, akapanda bodaboda akaenda zake. Utangulizi huu umeandikwa kumshawishi msomaji asiondoke. Ratiba ipo, tena ina masharti makali, ila imetunzwa katika daftari la zamu la stendi, katika kalenda ya minada, katika misimu ya pamba na mpunga, na katika habari za machimbo. Kujifunza kuisoma ratiba hiyo ndiyo kazi ya taaluma tunayomkaribisha msomaji aijue.

Wapenda mabasi nchini ni wengi. Kituo cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, hakikosi vijana wanaoweza kukutofautishia Scania na Yutong kwa mlio tu kabla basi halijakata kona, na wakakutajia rangi lililokuwa nazo kabla ya kupigwa upya. Huko Uingereza mapenzi ya namna hii yalizaa chama, Omnibus Society, mwaka 1929, na kumbukumbu walizokusanya wapenzi wale ndizo wanahistoria wanazozitumia leo. Kwetu mapenzi yapo, kumbukumbu ndizo haba. Na mapenzi yenyewe yameelemea upande mmoja: basi la kwenda Dar es Salaam lina mashabiki, haisi ya Kakola, mji wa machimbo, haina hata mtu wa kuipiga picha. Hali hiyo inasikitisha, kwa kuwa haisi ya Kakola ndiyo inayojua mengi zaidi kuhusu watu wa Kakola.

Eneo lenyewe

Tumechagua Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine nchini ambapo njia za magari zimebadilika haraka kiasi hiki. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Geita, ambao ulikuwa umeanzishwa mwaka huohuo, ukiwa na watu takriban milioni 1.74. Sensa ya 2022 ikawahesabu karibu milioni 3. Wote hao wanahitaji kufika sokoni, hospitalini, shuleni na machimboni, na walio wengi hawana gari.

Eneo hili lina mihimili mitatu. Wa kwanza ni reli ya kutoka Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Isaka na Shinyanga. Wa pili ni barabara kuu inayotoka Nzega na kugawanyika Tinde: tawi moja linakwenda Shinyanga mjini hadi Mwanza, jingine linapita Isaka, Kagongwa, Kahama, Masumbwe na Ushirombo kuelekea Rwanda na Burundi. Wa tatu ni barabara ya Usagara, Sengerema, Geita, Katoro na kuendelea magharibi. Hiyo kwa miaka mingi ilikatwa na maji ya Ziwa Victoria kati ya Kigongo na Busisi, ambako magari yalipanga foleni kusubiri kivuko. Daraja lenye urefu wa kilometa 3 lilifunguliwa hapo tarehe 19 Juni 2025.

Kati ya mihimili hiyo kuna migodi. Mwadui ni ya almasi, iliyoanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940, na mji wa Maganzo umekua nje ya geti lake. Bulyanhulu ilianza kuzalisha dhahabu 2001 na kuupa uhai mji wa Kakola. Buzwagi, karibu kabisa na Kahama, ilifunguliwa 2009, na uzalishaji wake ukafika mwisho 2021. Geita penyewe palikuwa na mgodi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kisha mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Kuzunguka hiyo yote wako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko, na hao ndio wateja wakubwa wa gari la njia fupi. Mwajiriwa wa mgodi mkubwa husafirishwa na basi la kampuni lenye saa maalumu, mchimbaji mdogo husafiri na lolote lililopo. Kwa hiyo katika mji mmoja kuna mitandao miwili ya usafiri inayopishana barabarani kila asubuhi bila kugusana, na anayesoma mmoja tu amesoma nusu.

Tulikotoka

Historia ya njia hizi ina matabaka matatu yanayofaa kukumbukwa. Tabaka la chini ni la reli na pamba. Pamba ilifuata stesheni, malori yalifuata pamba, na abiria alipanda juu ya mzigo.

La pili ni la mashirika ya umma. Baada ya Azimio la Arusha usafiri wa mabasi uliingia mikononi mwa dola: Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA, kwa safari ndefu, na kampuni za mikoa zilizojulikana kama RETCO. Jambo jingine la enzi hiyo lina uzito mkubwa zaidi kwetu, nalo ni Operesheni Vijiji, iliyotekelezwa mkoani Shinyanga mwaka 1974. Wasukuma walikuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila kaya na mji wake katikati ya mashamba na malisho. Operesheni iliwahamisha kwenye vijiji, na vingi vilipangwa kando ya barabara. Watu wengi walirudi mashambani baadaye, lakini shule, zahanati na maduka yalibaki barabarani. Hesabu leo sehemu ambazo konda hugonga bodi ili dereva asimame, kisha uulize kila moja ilianza lini. Mara nyingi mzee wa kijiji atakurudisha kwenye operesheni.

Tabaka la tatu ni la soko huria. Bei za mafuta za miaka ya 1970, vita vya Kagera na uhaba wa vipuri viliyadhoofisha mashirika ya umma, na kuanzia 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa rasmi kubeba abiria Dar es Salaam. Mikoani nako ruhusa ikafuata, kisha yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani. Udhibiti ulikuwa chini ya SUMATRA, na tangu 2019 uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA.

Mipaka ya utawala nayo ina somo lake. Ushirombo na Masumbwe zilikuwa Mkoa wa Shinyanga hadi 2012, zilipohamishiwa Geita. Karatasi zilihama, magari hayakuhama. Watu wa huko wako kwenye barabara kuu ya Kahama, na Kahama ndiko wanakonunua na kuuza. Anayekwenda makao makuu ya mkoa wake mpya huzunguka kwa Runzewe, Bwanga na Katoro ndipo afike Geita. Ramani ya mikoa itakuonyesha ofisi ya mkuu wa mkoa ilipo. Kujua duka la jumla, hospitali ya rufaa na shangazi viko wapi ni lazima upande gari.

Gari, watu na hesabu

Anayeanza aanze na gari lenyewe. Njia za lami zenye abiria wengi hutawaliwa na haisi na Costa. Penye abiria wachache, au barabara mbaya, utakuta Noah na Probox, ambazo Kanda ya Ziwa huitwa michomoko. Zinazofuata ni bajaji na bodaboda, na katika miji ya Shinyanga na Kahama baiskeli za kubeba abiria, zenye kiti cha sponji nyuma, hazijatoweka. Huko zenyewe ndizo zilizoitwa daladala.

Soma namba ya usajili. Inaanza na T, inafuata tarakimu tatu na herufi tatu, na herufi hizo zimekuwa zikisonga kwa mfuatano tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Namba yenye herufi ya kwanza B imesajiliwa miaka mingi kabla ya yenye E. Panga magari ya stendi moja kwa herufi hizo, utaona mtaji unavyotiririka: magari mapya zaidi huwekwa njia za lami, na kadiri yanavyochakaa husukumwa kuelekea vumbi. Tazama na rangi ya kibao. Cheupe ni cha gari la biashara, cha njano ni cha gari binafsi. Mchomoko wenye kibao cha njano uliosheheni abiria tayari umekueleza uhusiano wake na sheria, huna haja ya kumhoji dereva na kumtia hofu. Chungulia na ubavuni: Costa nyingine bado zina maandishi ya Kijapani ya shule ya chekechea zilikotumika mwanzo.

Kutoka kwenye gari tuje kwa watu. Tajiri ndiye mwenye gari. Dereva humpelekea hesabu kila jioni, kiasi kilichokubaliwa kabla, liwe limeingiza vizuri au vibaya. Kinachobaki baada ya hesabu, mafuta, ushuru wa stendi na ahsante ya mpiga debe ndicho chake na konda. Ukishaelewa hesabu, umeelewa karibu kila kitu kinachokuudhi ndani ya gari: kwa nini halitoki mpaka lijae, kwa nini mtu wa nne anabanwa kwenye siti ya watatu, kwa nini mwendo huongezeka jua likielekea kuzama.

Na hapa tukaribie zaidi. Haisi imeegeshwa kwenye zamu, mlango wazi. Siti za mbele tayari zina watu, wanaume wawili watatu wasio na mizigo, mmoja akichezea simu. Mama mwenye ndoo ya dagaa anachungulia, anaona gari linakaribia kujaa, anapanda. Anafuata mzee mwenye kuku wawili, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, nao wanasukumwa chini ya kiti. Kila abiria wa kweli anapoingia, mmoja wa wale wanaume anateremka kimyakimya na kwenda kukaa kwenye gari linalofuata. Ni vijana wa stendi, kazi yao kulifanya gari lionekane limejaa, maana hakuna anayependa kuwa wa kwanza kupanda. Wenyeji wanajua. Mama wa dagaa naye anajua, kwa hiyo hakuhesabu vichwa, alihesabu mizigo kwenye keria. Huo ni ujuzi, na haujaandikwa popote.

Nauli ina pande mbili. Upande wa serikali ni viwango vya LATRA. Vilivyoanza Desemba 2023 viliweka shilingi 48.47 kwa kilometa kwa basi la daraja la kawaida kwenye lami, maana yake safari ya kilometa 100 ni shilingi 4,847. Daladala za mjini ziliwekwa shilingi 600 kwa kilometa 10 za mwanzo, na mwanafunzi akabaki na 200 yake. Upande wa pili ni nauli ya njiani, inayopanda siku ya mnada, mvua inapoharibu barabara, au duara, yaani shimo la machimbo, linapotema dhahabu. Mwanafunzi wa taaluma hii aziandike zote mbili pembeni kwa pembeni, akiweka tarehe na hali ya barabara. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ni takwimu ambayo hakuna ofisi inayoikusanya.

Siku moja njiani

Mafunzo bora ni kutoka Shinyanga hadi Katoro kwa magari ya njia fupi tu, ukikataa kila basi linalokwenda moja kwa moja. Panda haisi ya kwanza hadi Tinde. Teremka, kunywa chai, uangalie wanaobadilisha gari wanatoka wapi: wa Nzega, wa Kahama na wa Shinyanga hukutana hapo bila hata mmoja kuwa amefika kwake. Endelea Isaka, ambako reli hukabidhi makontena kwa malori ya Rwanda na Burundi, na reli ya kisasa ya Isaka hadi Mwanza, yenye kilometa 341, inajengwa. Isaka utaona jinsi biashara ya madereva wa malori inavyolisha magari madogo ya mama lishe, wachuuzi na mafundi.

Ukipita Kagongwa, kwenye mashine za mpunga, sikiliza mzigo unavyobadilika: gunia zinapakiwa kwa vishindo na konda anaanza kubishana nauli ya mchele badala ya nauli ya mtu. Kahama ndiyo kitovu. Hapo chukua gari la Segese na Kakola, na hapo ndipo lami inapopoteza ukuu wake. Barabara ya kutoka Kahama kupitia Kakola hadi Geita imekuwa ya vumbi kwa miaka mingi, na vumbi ni mwalimu: dereva huchagua gari kwa ajili yake, abiria huchagua nguo na khanga ya kujifunika kichwa, muuza maji huchagua pa kusimama. Tazama keria. Kutoka Kahama hupanda mipira ya maji, makoleo, nyundo, unga na magodoro. Kurudi hushuka watu walioshika vifuko vidogo tu. Ukanda wa dhahabu huingiza vitu vizito na kutoa vyepesi.

Kutoka Kakola kupitia Bukoli ufike Geita mchana. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, la kwanza kati ya masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini kote. Soko hilo liligeuza safari pia, kwa kuwa dhahabu iliyokuwa ikinunuliwa na mtu aliyeifuata machimboni ilianza kupanda gari pamoja na mwenye nayo kwenda mjini. Malizia kwa mchomoko hadi Katoro, mji wa biashara uliokua mpaka kushikana na Buseresere ya wilaya ya Chato, kiasi kwamba mpita njia hajui wapi wilaya moja imeishia. Ukifika jioni utakuta stendi imechangamka kuliko asubuhi. Mtembea bure si mkaa bure, lakini aliyetembea na daftari ana faida zaidi.

Safari hiyohiyo irudie siku ya mnada. Magari yaliyokuwa Tinde hutayaona, yameshakwenda na belo za mitumba gulioni tangu alfajiri. Na kukiwa na rashi, habari ya dhahabu iliyopatikana mahali papya, utaona njia ikizaliwa. Kwanza bodaboda, kisha michomoko, kisha haisi. Mwenye kibanda cha chips anatangulia mwenye duka, na siku mpiga debe wa kwanza atakapoanza kuita jina la machimbo hayo kwenye stendi ya mjini, mahali hapo pamekuwa mji. Rashi ikififia, magari huondoka kwa mpangilio wa kinyume. Ndiyo maana mtu anayefuatilia njia anaweza kuandika historia ya machimbo ambayo hayakuacha jengo hata moja.

Waliotutangulia

Vitabu vya kuanzia vipo, ingawa vingi vimeandikwa kwa Kiingereza na vingi vinahusu miji mikuu. Kenda Mutongi aliandika historia ya matatu za Nairobi mwaka 2017. Mwaka huohuo Matteo Rizzo alitoa kitabu kuhusu daladala za Dar es Salaam, kilichoweka wazi hali ya dereva na konda wasio na mkataba na jinsi walivyojaribu kuungana. Joshua Grace, katika African Motors cha 2021, amewapa mafundi na madereva wa Tanzania nafasi yao katika historia ya teknolojia. Kuhusu machimbo, mkusanyo wa 2014 uliohaririwa na Deborah Fahy Bryceson, Eleanor Fisher, Jesper Bosse Jønsson na Rosemarie Mwaipopo unaonyesha jinsi uchimbaji mdogo unavyozaa miji.

Kilichobaki wazi ni makutano ya vitabu hivi. Wa usafiri wamekaa Dar es Salaam na Nairobi, wa madini wamekaa machimboni, na barabara inayounganisha sehemu hizo imepitwa na wote. Maswali yanasubiri. Kufungwa kwa Buzwagi kulipunguza magari gani Kahama, na yalihamia wapi? Wauza samaki na karanga wa kivukoni Busisi wanauza wapi sasa kwa kuwa magari hayasimami tena? Mwanamke anayesafiri na fedha za biashara huchagua gari kwa vigezo gani? Tangu mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku kucha kuanzia Oktoba 2023, magari ya njia fupi yanayopokea abiria usiku wa manane yamejipangaje?

Adabu ya kazi

Kanuni ni chache. Lipa nauli kama abiria mwingine, usiombe kupunguziwa kwa sababu wewe ni mtafiti. Salimia stendi kabla ya kuuliza, na mwenye daftari la zamu umwamkie kwa heshima yake hata kama ni kijana. Usipige picha ya mtu wala ya namba ya gari bila ruhusa. Dereva anayekueleza jinsi anavyokwepa kituo cha ukaguzi amekuamini, basi jina lake lisitoke kwenye daftari lako. Usimuulize mchimbaji kifuko chake kina nini. Saa, mahali, aina ya gari, idadi ya abiria, nauli, mzigo, hali ya barabara: mambo haya saba yaandikwe kila safari, mengine yatafuata.

Na yaandikwe kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma inapobidi, kwa maneno ya stendi yenyewe, ili konda akilisoma daftari lako aweze kukusahihisha. Taaluma hii bado ni changa na haina lango la kulindwa. Mwalimu wa sekondari ya Segese anaweza kuifanya, mwanafunzi wa chuo aliyerudi likizo Masumbwe anaweza, na konda mwenyewe anaweza kutuzidi sote. Anza na njia inayopita mbele ya nyumba yako, weka tarehe kwenye kila ukurasa, na daftari likijaa peleka nakala kwenye maktaba iliyo karibu nawe. Magari yanayokwenda Kakola leo, baada ya miaka kumi hayatakuwapo, na hakuna ofisi itakayokuwa imeyaandika isipokuwa wewe.